Nimemwacha baba wa kiroho, sasa nashindwa kutaja hata bei ya dagaa

SWALI

Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Kwa miaka saba nimekuwa chini ya mtumishi mmoja hapa Mwanza, tukimwita baba. Sikufanya kitu bila kumuuliza. Asubuhi nampigia, namweleza mzigo umetoka kisiwa gani, umekauka vipi, mwezi ukoje, bei ya jana ilikuwa ngapi, naye ananiambia nunua au subiri. Nimetoa fungu la kumi, nimepanda mbegu, nimemkopesha milioni mbili za jenereta ya kanisa ambazo hazijarudi, mwaka wa nne huu. Aliniambia shangazi yangu wa Magu ndiye aliyenifunga, nikakata mguu kwake. Vidonge vya presha niliacha baada ya kuombewa.

Mwezi wa tatu nilimsimulia dada mmoja wa mapokezi, yeye peke yake, habari za deni la kaka yangu. Jumapili baba akaliona deni hilo katika roho, akataja mpaka kiasi: laki nane. Watu wakapiga vigelegele. Nilipofika nyumbani kaka akaniambia deni ni laki sita. Laki nane nilikosea mimi nilipokuwa namsimulia yule dada.

Nimeacha kwenda. Lakini nimekuwa kama mtu aliyepotezwa. Mzigo ukifika naogopa kutaja bei. Simu yake ikiita natetemeka, maana alisema anayetoka madhabahuni kwake hamalizi mwaka. Rafiki yangu ananiambia kuna nabii mwingine Buhongwa, huyo ni wa kweli. Niende? Au nimeshapoteza imani?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako umeipanga kwa jinsi mambo yanavyokuuma. Mimi nitaipanga upya, na nitaanza na lile uliloliandika kwa mstari mmoja kisha ukalipita: vidonge vya presha.

Wiki hii, kabla hujaamua lolote kuhusu kanisa, nenda kituo cha afya ukapimwe. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili. Mtu anabeba magunia, anacheka, anaimba kwaya, huku kipimo kinasoma juu ya 140 kwa 90 na figo zinaumia bila yeye kujua. Kutoanguka tangu uache si ushahidi kwamba umepona. Kama una vidonge vya zamani vimebaki kabatini, usivirudie kwa kubahatisha. Upimwe kwanza, daktari aseme uanze na kipi na kwa kiasi gani. Na umweleze ukweli kwamba uliacha baada ya kuombewa. Usione haya, wamelisikia sana. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alipokuwa akigawa kikombe cha dawa kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, walikuwepo wagonjwa walioweka dawa zao kando wakiamini wamepona, na wapo waliofia kwenye foleni ya magari kabla hata hawajakifikia. Ombea vidonge vyako kama unavyoombea chakula, halafu meza.

Sasa tuje kwenye laki nane.

Wengi wanaoniletea habari kama zako husema tu kwamba roho ilianza kukataa. Wewe una kitu cha kushika mkononi. Aliyeonyeshwa na Mungu angeona deni lilivyo. Aliyesimuliwa na dada wa mapokezi angeona deni kama ulivyolisimulia. Baba aliliona kama ulivyolisimulia, pamoja na kosa lako ndani yake. Ungemtajia yule dada kiasi sahihi, leo ungekuwa umeshika kipaza sauti unatoa ushuhuda, na mimi nisingepata barua.

Njia hii ni ya zamani na haikuanzia kwetu. Huko Marekani miaka ya 1980 alikuwepo mhubiri wa televisheni, Peter Popoff, aliyekuwa akiwaita watu kwa majina, anataja ugonjwa wao na mahali wanapokaa. Mwaka 1986 mwanamazingaombwe James Randi na wenzake waliingia kwenye mikutano yake na mtambo wa kunasa mawimbi ya redio. Wakarekodi sauti ya mke wa mhubiri akimsomea mumewe, kupitia kifaa kidogo kilichofichwa sikioni, yale ambayo waumini walikuwa wameyaandika kwenye kadi za maombi kabla ya ibada. Rekodi ikachezwa kwenye televisheni ya taifa zima. Mwaka uliofuata akatangaza kufilisika. Halafu, na hapa nakuomba usome taratibu, baada ya miaka akarudi kwenye televisheni, na watu wakamtumia pesa tena.

Kwetu hata redio haihitajiki. Kuna daftari la mapokezi, kuna dada mwenye sauti ya huruma, kuna kundi la WhatsApp la maombi ambamo watu wanamwaga shida zao saa nane za usiku. Na taarifa zikikosekana kuna kubahatisha. Simama mbele ya watu mia tatu hapa Usukumani useme, "Namwona mtu jina lake linaanza na M, kuna ndugu anamwonea wivu," watasimama Masanja, Mabula, Magreth, Mariamu na akina Mama Fulani wote kwa mpigo.

Utaniuliza, kwa nini nakueleza haya na umeshatoka? Kwa sababu wa Popoff nao walielezwa, wakasikilizishwa na sauti yenyewe, na bado wapo waliorudi. Kugundua kwamba mtu si wa kweli hakukuondolei ile hali ya kumhitaji. Ndiyo maana umeacha kwenda lakini mkono bado unatafuta simu kila asubuhi.

Kabla ya hapo, hofu ya laana. Wewe ni msomaji wa Biblia, basi tuifungue. Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo kimoja kwa nabii: akisema neno kwa jina la Bwana na neno hilo lisitimie, basi amelisema kwa kujikinai kwake, na mstari unamalizia kwa kukuambia usimwogope. Neno hilo lipo hapohapo, watu huwa hawafiki mwisho wa mstari. Nao ule wa Zaburi 105 unaotumika kufunga watu midomo, wa kutowagusa masihi wa Bwana, soma kuanzia juu yake: unasimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakitangatanga ugenini, na wafalme wakikanywa wasiwadhuru. Kuuliza laki nane ilitoka wapi hakumo humo.

Ila najua hofu haiishi kwa kusomewa mistari. Itakuvamia siku jambo baya litakapotokea, na litatokea, kwa sababu mwaka mzima hauwezi kupita bila baya. Vuli itanyesha ghafla mchana dagaa wakiwa wameanikwa, mzigo utaoza. Siku hiyo, kabla hujasema "ni lile neno", zunguka ufukweni uhesabu wangapi wamelowana. Wamo wasiowahi kumsikia huyo mtumishi maisha yao yote. Wamo na waliompelekea fungu la kumi Jumapili iliyopita.

Simu yake ikiita, uwe na sentensi moja uliyoiandaa: "Baba, nimeamua kupumzika, nikihitaji nitakutafuta mwenyewe." Useme, ukate. Usiingie kwenye mjadala wa laki nane. Atakuwa na maelezo, yeye ni mtu wa kuongea na wewe umezoea kumsikiliza kwa miaka saba. Dakika ya kumi utakuwa unalia na kuomba msamaha. Na utoke kwenye lile kundi la WhatsApp. Kama kuna marafiki humo unaowapenda, na najua wapo, wapigie mmoja mmoja.

Haya, turudi kwenye zile simu za asubuhi, kwa sababu jibu lako lote liko humo na umeliandika kwa mkono wako bila kuliona.

Angalia ulichokuwa unamweleza. Mwezi ukoje: unajua kuwa dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwamba siku za giza ndizo za mavuno, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, mzigo unaadimika, bei inapanda. Umetoka kisiwa gani: unajua wapi wanaanika juu ya chanja na wapi wanamwaga mchangani. Umekauka vipi: umeingiza mkono mpaka katikati ya gunia, si juu ambako kila mjanja anaweka wazuri, ukafikicha kiganjani, ukasikiliza kama wanakatika au wanajikunja, ukanusa, ukatazama mchanga uliobaki mkononi. Bei ya jana: umeshaongea na wenzako na umewasikia wanunuzi wa mbali wameingia au hawajaingia. Haya yote umeyafanya kabla jua halijapanda vizuri, ndipo ukampigia mtu aliyekuwa nyumbani kwake, ambaye hilo gunia hakuliona.

Naye akasema nunua, au akasema subiri. Mdogo wangu, ulikuwa umeshamwambia. Mtu yeyote mwenye akili timamu akisikia "wamekauka vizuri, giza linaisha wiki hii, jana bei ilikuwa chini" atasema nunua. Ulikuwa unapeleka ujuzi wako wa miaka, unarudishiwa ukiwa umefungwa kwa "asema Bwana". Na mgawanyo wa hesabu ulikuwaje? Mzigo ukiuzika, ni neno la baba lililotimia. Ukigoma, ni imani yako iliyopungua. Kwenye mpango huo yeye hakuwa na namna ya kukosea, nawe hukuwa na namna ya kujifunza kwamba unajua.

Hilo la mwisho ndilo hasara kubwa, na ndiyo maana leo unaogopa kutaja bei ya kitu ambacho watu Mwaloni pengine wanakuuliza wewe.

Kuna mtafiti wa saikolojia ya dini, Kenneth Pargament, ambaye mwaka 1988 na wenzake huko Marekani waliwachunguza waumini wa makanisa jinsi wanavyokabili shida. Wakaona njia tatu. Wapo wanaomwachia Mungu jambo lote, wao wanasubiri. Wapo wanaosema Mungu amenipa akili, nitalimaliza mwenyewe. Na wapo wanaoshughulika pamoja naye: wanaomba, wanapima, wanatenda, wanaomba tena. Hao wa njia ya kwanza ndio waliojiona wanyonge zaidi, wasiojiweza. Wa njia mbili za mwisho walikuwa na uwezo zaidi wa kukabili maisha. Wewe hukuwa hata kwenye ya kwanza. Ulikuwa kwenye ya nne, ambayo haimo kwenye utafiti ule: kumwachia mtu anayesema yeye ndiye anayemsikia Mungu kwa niaba yako. Sikuvuti uhame kwenye maombi. Nataka ufike kwenye ile ya tatu, na kwa mtu wa dini yako nadhani ndiyo iliyo nyumbani zaidi.

Uwezo wako wa kuamua hali yake ni kama mkono uliovunjika ukakaa kwenye hogo, ile plasta ngumu, muda mrefu. Likitolewa, mkono umekonda na unaogopa kuutumia, na daktari hakupi gunia ubebe siku hiyo.

Kwa hiyo anza kidogo. Nunua daftari la kawaida. Kwa miezi miwili mitatu, kila mzigo, lakini anza na magunia machache ambayo hata ukipata hasara watoto watakula, andika kabla hujamuuliza mtu: tarehe, mzigo wa wapi, ulivyouona, bei unayoona inafaa, na sababu zako. Sababu ziandike hasa, zisibaki kichwani. Ndipo uulize watu wawili, mmoja wa biashara yako na mwingine asiyepata chochote ukinunua au usiponunua. Wakikupinga, wakuambie kwa nini, nawe uandike. Kisha uamue mwenyewe, hata kama sauti inatetemeka. Ukishauza, rudi kwenye ukurasa uleule uandike kilichotokea.

Usitegemee kurasa zote ziwe nzuri. Utakosea. Tofauti ni kwamba safari hii kosa litakuwa na sababu unayoweza kuisoma: hukuingiza mkono mpaka chini, au ulimwamini dalali aliyesema wanunuzi wa Kongo wako njiani. Hayo unarekebisha. Hasara iliyoitwa upungufu wa imani hairekebishiki, unaongeza sadaka tu.

Usije ukanielewa kwamba kujitegemea ni kutomuuliza mtu. Hata mwenye kiburi kuliko wote pale Mwaloni anauliza bei. Mshauri unamjua kwa vitu vya kawaida kabisa: anakupa sababu unazoweza kuzihakiki, unaweza kumkatalia na kesho mkanywa chai, na hana fungu lake ndani ya uamuzi wako. Majirani zetu Waislamu wana swala ya istikhara, ya kumwomba Mungu uongozi kwenye jambo la kuamua, na anayeiswali ni mwenye jambo lake mwenyewe. Nimewahi kumwambia mama mmoja wa Kikristo habari hiyo akanikunjia uso, lakini alielewa.

Sasa nabii wa Buhongwa. Hapana, usiende. Simjui wala sina neno juu yake, huenda ni mtu mwema kabisa. Tatizo ni kwamba leo ungeenda kumtafuta mtu wa kumpigia simu asubuhi, na mtu mwema akipigiwa simu kila asubuhi na mama anayelia ataanza kujibu. Kwa miezi kadhaa usiwe na baba wa kiroho yeyote, usiuze kiwanja, usibadilishe shule ya mtoto, usiweke nadhiri. Ukitaka kusali, sali kwenye kanisa ambalo mchungaji hakujui jina, ukae viti vya nyuma, uondoke.

Utasikia pia mvuto wa kurudi kwa yuleyule, na utakuja kwa sura ya hesabu: miaka saba yote, mbegu zote zile, niache sasa? Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio walilolifanya kwenye chuo kikuu cha Ohio. Watu waliofika kununua tiketi za msimu mzima wa maigizo waligawanywa bila kuchaguliwa: baadhi wakalipa bei kamili, dola 15, wengine wakapunguziwa. Maigizo yalikuwa yaleyale, viti vilevile. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi. Pesa ilikuwa imeshaondoka, kwenda au kutokwenda kusingeirudisha hata senti moja, ila bado iliwavuta miguu. Wewe umelipa miaka saba. Mvuto huo lazima utakuwa mkubwa, ulijue jina lake ukija: ni pesa iliyokwisha kuondoka.

Wakati mwingine nawaza kwamba babu zetu huku walikuwa wakali kuliko sisi. Ugomvi wa waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao ndio chanzo cha Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Wasukuma, ulikuwa wa kujua dawa ya nani ina nguvu. Ukaamuliwa uwanjani, kwa ngoma: kila mmoja achezeshe kundi lake, mwenye kuvuta watu wengi ndiye mshindi. Hata leo kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma pale Bujora, Kisesa, makundi yanashindana hadharani na mtazamaji ana miguu yake. Akichoka upande huu anahamia ule, wala hakuna anayemwambia hatamaliza mwaka.

Kuhusu kupoteza imani. Umeniuliza kwa woga lakini swali lenyewe linajibika. Anayeogopa amepoteza imani kwa kawaida bado anayo. Kuamka alfajiri kuomba hakukuwa kwa baba, ulikuwa unaamka mwenyewe. Kwaya uliimba kwa koo lako. Kuna habari ya watu wa Beroya, Matendo 17:11, waliomsikiliza Paulo kisha wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na kitabu kinawasifu kwa hilo. Paulo mwenyewe alihakikiwa. Unaweza pia kukaa muda bila kusikia chochote unapoomba. Hilo huwapata wengi baada ya jambo kama lako, na ni sawa kulia au kukasirika mbele za Mungu bila kutafuta maneno mazuri.

La shangazi ndilo zito kuliko pesa zote ulizotoa, na ningependa usilichelewe. Huku kwetu kumwambia mtu "huyu ndiye aliyekufunga" si maneno ya kanisani tu. Unajua kama ninavyojua kwamba vikongwe wameuawa Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu kwa kushukiwa uchawi, wengine kosa lao likiwa macho mekundu waliyoyapata kwa kupikia miaka yote kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Sheria ya Uchawi ya nchi hii inamhesabu kuwa na kosa mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na aliyepiga ramli akiwa amevaa suti amepiga ramli.

Usimpigie simu shangazi. Panda gari la asubuhi uende Magu, na mtu anayemheshimu, mjomba au huyo kaka yako. Beba sukari, sabuni, kitenge, vile unavyomjua. Ukishasalimia sawasawa, sema kifupi: "Shangazi, niliambiwa neno baya juu yako nikaliamini, nikakuacha. Nimekosa, nimekuja kuomba radhi." Usimsimulie habari za mtumishi na unabii, itageuka hadithi yako na yeye ataachwa pembeni akisikiliza. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akinyamaza, kaa ummenyee mboga.

Atakuuliza, au wazee watakuuliza, ulimwambia nani mwingine. Hapo ndipo kazi ilipo. Kila uliyemwambia kwamba shangazi ndiye, binamu, jirani, mama wa kwenye maombi, umrudie na umwambie kwa mdomo uleule kwamba haikuwa kweli. Neno hilo halifi kwa sababu wewe umeacha kuliamini. Likibaki kijijini na ng'ombe wa mtu akafa, watalikumbuka.

Mwisho, zile milioni mbili. Fungu la kumi na mbegu ulitoa kama sadaka, kwa hiari, na kuzidai mahakamani ni kujitafutia mateso; ziache. Mkopo ni kitu kingine hata kama aliyekopa amesimama madhabahuni. Mwandikie barua, yenye kiasi, tarehe uliyotoa na siku ambayo unataka awe amelipa, ubaki na nakala aliyosaini aliyeipokea. Akikaa kimya, Mahakama ya Mwanzo inapokea dai la kiasi hicho na huhitaji wakili. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu siku mdaiwa alipotakiwa kulipa, na wewe uko mwaka wa nne, kwa hiyo muda upo lakini si wa kuchezea. Shahidi aliyesikia neno "mkopo" mtafute sasa, kabla barua haijamfikia baba na watu hawajaanza kuchagua upande. Kama ulituma kwa simu, nenda kwenye duka la mtandao wako uombe taarifa ya miamala ya mwezi ule, wakugongee muhuri, uiweke pamoja na lile daftari.